Watoto kama Watunzi: Nyimbo za Kisasa katika Nyanda za Juu Kusini

Msemo huu "nyimbo za watoto" umezoeleka sana katika vitabu vyetu, na kwa kuwa umezoeleka, ni wachache waulizao maana yake. Tukiuchunguza twaona kwamba hubeba mambo matatu yasiyofanana. Kwanza, kuna nyimbo ambazo watu wazima huwaimbia watoto, kama zile za kubembelezea au za kufundishia kuhesabu. Pili, kuna nyimbo ambazo watu wazima huzitunga, nao watoto wakaziimba, kama zile za kwaya ya shule siku ya kumpokea mgeni. Tatu, kuna nyimbo ambazo watoto wamezitunga wenyewe na wenyewe huziimba, bila ya kuagizwa na mtu. Aina mbili za kwanza zina walezi wengi. Hii ya tatu haina hata jina lake.

Makala haya yakusudia kueleza aina hiyo ya tatu, hasa katika sura yake mpya, yaani nyimbo za watoto zifuatazo mtindo wa muziki wa kizazi kipya katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Hoja yangu ni moja. Mtoto atungaye wimbo ni mtunzi kamili. Mtafiti asipomhesabu hivyo, hupoteza ushahidi mkubwa wa lugha, na tena humwacha mtoto bila ya haki yake.

Yafaa kwanza tutaje mipaka. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na mkoa wa Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Lakini nyimbo hazijui mipaka ya utawala, na nisemapo Mbeya na Iringa nakusudia pia majirani hao waliokuwa sehemu yao. Ni nchi ya Wahehe, Wabena, Wasangu, Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha na wengineo, ambao watoto wao hukutana shuleni katika lugha moja, nayo ni Kiswahili.

Hebu tueleze zile aina tatu kwa mifano. Ya kwanza yajulikana na kila mtu. Zamani watoto wengi wa Tanzania walijifunza nyimbo kwa kusikiliza kipindi cha "Mama na Mwana" katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Kisha vikaja vipindi vya katuni vya Ubongo Kids, vilivyoanza kuonyeshwa mwaka 2014, ambavyo hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili. Nyimbo hizo ni za watoto kwa maana ya kwamba wamekusudiwa wao, lakini waliozitunga ni watu wazima. Katika aina ya pili, mfano bora ni ngonjera. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA cha Mathias Mnyampala kilipotoka mwaka 1970, shule nyingi zilipata tungo za kusemwa na watoto mbele ya hadhara. Midomo ilikuwa ya watoto, mawazo na mizani yalikuwa ya Mnyampala. Hapana ubaya katika jambo hilo. Ila tusilichanganye na lile la tatu.

Aina ya tatu yahitaji kitu ambacho hizo mbili hazikihitaji, yaani mahali ambapo watoto wako peke yao. Hapa Nyanda za Juu zina historia ya kustaajabisha. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, naye Monica akaandika juu yake katika kitabu chake cha mwaka 1951. Alieleza kwamba wavulana wa Kinyakyusa, walipofika umri wa miaka kumi hivi, waliacha kulala nyumbani kwa wazazi wao wakajenga vibanda vyao pembeni, na vibanda vile vikakua hata vikawa kijiji cha rika moja. Walirudi kula kwa mama zao, na waliwasaidia baba zao kulima. Lakini mazungumzo yao, ugomvi wao na mapatano yao vilikuwa mikononi mwao. Raha ya kukaa pamoja na wenzi wa rika, kula nao na kuzungumza nao, waliiita ukwangala, nao waliihesabu kuwa shule ya adabu na ya akili.

Sisemi kwamba nyimbo za leo zimetoka moja kwa moja katika vijiji vile. Vijiji vya marika vya namna ile vimekwisha, na Wahehe hawakuwa navyo. Nasema tu kwamba jambo lililo la msingi halikubadilika: mtoto hutunga mbele ya wenzi wake wa rika kabla ya kutunga mbele ya mtu mwingine yeyote. Wenzi hao ndio wasikilizaji wake na ndio waamuzi wake. Ubeti mbaya huchekwa papo hapo. Ubeti mzuri huitikiwa, na kesho yake huimbwa na mtu asiyeutunga. Malisho ya ng'ombe, njia ndefu ya kutoka shuleni, foleni ya bombani na uwanja wa shule wakati wa mapumziko, hivyo ndivyo vijiji vya marika vya watoto wa leo.

Sasa tutazame sauti zenyewe zilitoka wapi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Wakonsolata walijiimarisha Tosamaganga, karibu na Iringa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa njia ya makanisa na shule zake, watoto wa pande zote mbili walijifunza kuimba kwa sauti nne, na hata kusoma noti za do, re, mi. Mpaka leo mtoto wa Tukuyu au wa Kilolo asiyepata kugusa kinanda aweza kuimba sauti ya pili ya wimbo bila ya kufundishwa, kwa kuwa amekulia kando ya kwaya. Hiyo ni akiba kubwa, nayo husikika hata katika nyimbo ambazo hazina uhusiano wowote na kanisa.

Akiba nyingine ilikuja kwa njia ya kazi. Kabla ya uhuru wa 1961 wanaume wengi wa Rungwe na Mbeya walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Afrika ya Kusini, na waliporudi walileta magitaa, gramafoni na santuri. Katika miaka ya 1950 muziki uliovuma huko kusini ulikuwa kwela, na yafaa wataalamu wakumbuke kwamba kwela ilianza kwa wavulana wa mitaani wa Johannesburg waliopuliza filimbi za bati za bei ndogo. Mwaka 1958 wimbo mmoja wa kwela, "Tom Hark", ulipanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Basi muziki uliobuniwa na watoto wa mitaani ulivuka bahari kabla ya watu wa kwao kuuona kuwa muziki.

Mfano wa karibu zaidi wapatikana Malawi, ng'ambo tu ya mpaka wa Kyela. Mwaka 1967 mtaalamu wa muziki kutoka Austria, Gerhard Kubik, alikutana na ndugu wawili karibu na Blantyre, Daniel na Donald Kachamba, wakipiga kwela. Donald alizaliwa mwaka 1953. Maana yake alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Kubik hakumwita mtoto mwenye kipaji akamwacha aende zake. Alimhesabu kuwa mwanamuziki, akayanasa mapigo yake, akaandika jina lake, akafanya kazi pamoja naye miaka mingi. Kwa sababu hiyo twajua leo jinsi kijana yule alivyopiga filimbi na jinsi alivyoyapanga mapigo yake. Je, ni watoto wangapi wa Mbeya na Iringa wa miaka ile ile ambao hatujui hata kwamba waliimba?

Mabadiliko ya tatu ni ya redio. Mpaka mwanzo wa miaka ya 1990 nchi ilikuwa na redio ya serikali tu. Kisha stesheni za watu binafsi zikaruhusiwa, na Bongo Fleva ikaenea pamoja nazo. Muziki huu uliwapa watoto mambo mawili mapya. La kwanza ni kufokafoka, yaani kughani maneno kwa mapigo bila ya kuhitaji sauti nzuri wala chombo. La pili ni imani ya kwamba mwimbaji hana budi kusema maneno yake mwenyewe. Katika muziki wa dansi wa zamani kijana aliota kujiunga na bendi. Katika Bongo Fleva huota kuandika mistari. Daftari la shule, ambalo kurasa zake za mbele ni za hesabu na za nyuma ni za mistari, ndiyo maktaba ya kwanza ya utanzu huu.

Wimbo wa namna hii hutungwaje? Aghalabu mtoto huazima sauti iliyokwisha kujulikana, iwe ya redio, ya kwaya au ya mchezo wa kuruka kamba, akaitilia maneno mapya. Asidharauliwe kwa hilo, maana washairi wetu wa zamani nao walitunga mashairi kwa sauti walizozikuta. Ngoma ni dumu la plastiki au debe; manyanga ni kopo lenye kokoto; gitaa ni ubao na nyaya; na penye simu ya mkononi, mdundo hutoka katika simu. Mmoja huongoza na wengine huitikia. Kiitikio hakibadiliki, lakini beti hubadilika kila siku, kwa sababu hutaja mambo ya siku ile: nani amechelewa shuleni, nani amepoteza kiatu, mvua iliyoharibu mchezo wa mpira, baridi ya mwezi wa Juni na sweta lililotoboka.

Wataalamu wa lugha watapenda kujua nyimbo hizi zatufunza nini. Nitataja mambo matatu.

Jambo la kwanza ni toni. Kihehe ni lugha yenye toni, ambayo silabi kupanda au kushuka kwaweza kubadili maana ya neno; Kinyakyusa, ingawa nacho ni cha Kibantu na ni jirani, hakina toni, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ule wa Kiswahili. Mtoto wa Iringa atungaye kwa Kihehe ana mipaka ambayo mwenzake wa Rungwe hana, kwani sauti ya wimbo isipoafikiana na toni za maneno, maneno yaweza kueleweka vibaya. Atungapo kwa Kiswahili mipaka hiyo huondoka. Basi mtoto yule yule, akihama kutoka lugha moja kwenda nyingine katikati ya wimbo, huhama pia kutoka kanuni moja ya muziki kwenda nyingine. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuchunguza uhusiano wa lugha na sauti ya wimbo kuliko uwanja wa shule wa Nyanda za Juu.

Jambo la pili ni mizani. Ili nisitumie wimbo wa mtu, nimebuni mfano. Tuseme mtoto aghani hivi: "Mvua yanyesha Rungwe, daftari limelowa." Kipande cha kwanza kina mizani 7. Cha pili, tukihesabu "daftari" kuwa silabi tatu, kina 7 pia, na vipande viwili vyalingana. Lakini mtoto anayetamka "dafutari", kama watamkavyo wengi ambao lugha zao za nyumbani hazikubali konsonanti mbili hizo kukaa pamoja, atakuwa na mizani 8, naye itambidi ama aiharakishe silabi moja ama aongeze silabi katika kipande cha kwanza. Akisema "mvua inanyesha Rungwe", amekwisha kujirekebisha. Hivyo wimbo watuonyesha matamshi ya kweli ya mtoto, matamshi ambayo katika kusoma kwa sauti mbele ya mwalimu angeyaficha. Ndivyo ilivyo pia kwa l na r. Palipo na vina vinavyounganisha "kura" na "kula" pasipo mtunzi kuona kasoro, tumepata ushahidi wa fonolojia ambao hakuna dodoso litakaloutoa kwa uaminifu kama huo.

Jambo la tatu ni msamiati. Maneno mapya ya Kiswahili cha vijana hayazaliwi yote Dar es Salaam. Mengine husafiri kwa barabara kuu ya kwenda Zambia, ipitayo Iringa na Mbeya, na kwa reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1975. Watoto wa vituo vya barabarani husikia lugha za madereva, wakachukua neno, wakalitia katika wimbo. Mkusanyaji wa kamusi akingoja mpaka neno hilo lichapwe gazetini, atakuwa amechelewa.

Hata hivyo ushahidi huu una thamani tu kama tuna hakika kwamba mtunzi ni mtoto. Kwa alama zipi tutamjua? Wimbo wa mtu mzima kwa ajili ya watoto umejaa amri: soma, heshimu, nawa mikono. Wimbo wa mtoto husimulia na kutania. Wimbo wa mtu mzima haubadiliki. Wa mtoto hubadilika kila uimbwapo. Lakini alama hizo zaweza kudanganya. Jaribio lililo bora ni jepesi: mwombe mtoto aongeze ubeti mmoja juu ya jambo lililotokea leo. Aliyetunga ataongeza, tena kwa furaha. Aliyefundishwa atamtazama mwalimu wake.

Jaribio hili lafaa sana katika zama za studio. Mtoto mwenye sauti nzuri aweza kupewa maneno ya mapenzi yaliyoandikwa na mtu wa miaka thelathini, akayaimba vizuri, na watu wakasema kwamba huo ni muziki wa watoto. Sivyo. Huo ni muziki wa mtu mzima katika koo la mtoto. Aliyeazimwa sauti hakusema neno lake, na mara nyingi faida haimfikii. Linganisha na mradi wa TUSEME, ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba. Humo wasichana wa shule za sekondari walitaja matatizo yao wenyewe, wakayaeleza kwa nyimbo na michezo waliyoitunga wenyewe. Watu wazima walifungua mlango, hawakuandika maneno. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti ninayotaka isisahaulike.

Jirani zetu wa Uganda walilikabili swali hili hadharani. Mwaka 2019 mtoto wa miaka saba, ajulikanaye kwa jina la jukwaani Fresh Kid, alipata umaarufu kwa kufokafoka, na waziri aliyehusika na mambo ya watoto akaagiza kwamba mtoto huyo arudi darasani badala ya kuimba katika maonyesho. Watu wengi walizozana. Mwishowe ilikubaliwa kwamba asome, na aimbe siku za mwisho wa juma na za likizo. Wapo waliosema serikali ilizidi, na wapo waliosema ilichelewa. Kwangu mimi la maana ni kwamba kila mtu alijadili saa za kazi na ada ya shule, na ni wachache waliouliza: maneno ni ya nani?

Kwa Tanzania Bara sheria zipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na yakataza asifanyishwe kazi usiku, tangu saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi. Nazo ndizo saa za maonyesho mengi ya muziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu pale kazi inapoundwa, wala haimwulizi umri wake. Basi mtoto wa darasa la sita aliyetunga wimbo chini ya mti wa shule ana haki ile ile aliyo nayo mwanamuziki mashuhuri. Lakini haki isiyo na ushahidi ni kama shamba lisilo na mpaka. Raymond Mwakyusa, yaani Rayvanny, alizaliwa Mbeya mwaka 1993, na mwaka 2017 alipata tuzo ya BET ya Marekani kwa wasanii wapya wa kimataifa. Kazi zake za utu uzima zimehifadhiwa, na jina lake liko juu yake. Tungo za watoto wasiofika huko, ambao ni wengi mno, hupotea daftari linapotumika kuwashia moto. Au, lililo baya zaidi, huokotwa na mkubwa akazifanya zake, akisema kwamba ni "nyimbo za watoto tu", kana kwamba watoto si watu.

Nasi wakusanyaji hatuna mikono safi. Tumezoea kuandika chini ya wimbo wa mtoto maneno haya: "mtunzi hajulikani". Mara nyingi mtunzi alikuwa amesimama mbele yetu, ila hatukumwuliza. Basi yapasa kila akusanyaye nyimbo katika Mbeya, Iringa au penginepo aulize nani aliyetunga kiitikio na nani aliyeongeza ubeti. Aandike umri, lugha ya nyumbani, mahali na tarehe. Aombe ruhusa ya mzazi au mlezi, na pia ya mtoto mwenyewe. Jina alihifadhi katika kumbukumbu za chuo, asilichape bila ya ruhusa hiyo. Na nakala ya sauti airudishe shuleni au nyumbani ilikotoka. Asisahihishe matamshi, wala asitengeneze vina. Kosa analolifuta leo huenda ndilo jambo ambalo mtaalamu wa kesho angelitafuta.

Wazee wetu husema samaki mkunje angali mbichi. Mara nyingi methali hiyo hutumiwa kuwaonya watoto. Katika jambo hili ingefaa ituonye sisi, kwani utungo wa mtoto nao huandikwa ungali mbichi. Mtoto akiisha kukua hatauimba tena, na pengine ataona haya kuukumbuka. Wakati wa kuuliza "nani ametunga?" ni ule ule ambao wimbo waimbwa, na mwenye jibu yu papo hapo, ameshika dumu lake, angojea kuulizwa.